Dawa ya Ebola iliyotoka Kikwit: namna umbo la protini moja ya virusi lilivyoonyesha njia

Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ku kituo cha matibabu (CTE) cha Beni, jamaa za wagonjwa waliweza kusimama inje na kumuona mtu wao ndani ya chumba cha plastiki angavu, chupa ya serumu imetundikwa juu ya kitanda. Swali lilikuwa moja, tangu Mangina mpaka Butembo: mule ndani ya chupa mna nini? Wengine walisema ni maji ya chumvi tu. Wengine walisema ni sumu, ao biashara ya watu wa Riposte.

Katika chupa nyingi mlikuwa protini. Haikuwa virusi, haikuwa damu ya mtu mwingine, wala haikuwa dawa ya kemia kama kinini. Ilikuwa protini iliyochaguliwa kwa sababu umbo lake linaingia sawasawa ndani ya umbo la protini nyingine, ile ambayo virusi ya Ebola inatumia ili kuvunja mlango wa mwili. Na moja kati ya dawa zile, iliyoitwa mAb114 na ambayo leo ina jina la Ebanga, ilianzia ndani ya damu ya Mukongomani mmoja wa Kikwit aliyepona Ebola mwaka wa 1995.

Ufunguo wa virusi

Virusi haili, haipumui na haizai peke yake. Ni karatasi ya maagizo iliyofungwa ndani ya mfuko. Mwili wa mtu una jeni karibu 20,000. Ebola ina jeni 7 tu. Kwa umaskini huo inalazimika kuingia ndani ya seli, vile vyumba vidogo vinavyojenga mwili, na kutumia vyombo vya mwenye nyumba kujitengenezea nakala maelfu na maelfu.

Jeni hizo zinaagiza protini. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Mnyororo huo haukai umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Unajikunja, unajisokota, mpaka unapata umbo lake. Na umbo njo kazi. Panga linakata juu ya makali yake, kijiko kinachota juu ya shimo lake. Panga lililopinda kama kijiko halilimi shamba, hata kama chuma ni kilekile.

Juu ya mfuko wa Ebola kunaota protini moja tu ya inje. Watu wa labo wanaiita glikoprotini, kwa kifupi GP, kwa sababu imefunikwa na sukari. Mnyororo wake una amino asidi 676 wakati unatengenezwa, na GP tatu zinakaa pamoja kama mafiga matatu. GP njo ufunguo wa virusi. Bila yenyewe Ebola haiingii ku seli yoyote. Tena, kwa kuwa ni protini ya pekee iliyo wazi huko inje, ni hiyo tu ambayo askari wa damu wanaweza kuikamata virusi mbele haijaingia.

Askari hao wanaitwa kingamwili. Nao ni protini, na umbo lao ni kama herufi Y: mikono miwili juu, mguu chini. Mwili unatengeneza aina mamilioni ya kingamwili, kila moja na ncha za mikono tofauti na za wengine. Ugonjwa ukiingia, zile ambazo ncha zao zimepatana na umbo la adui zinaongezwa kwa wingi. Mtu akipona, mwili unaweka kumbukumbu ya zile zilizoshinda, na kumbukumbu hiyo inaweza kudumu miaka mingi sana.

Kikwit, 1995

Ebola ilipoingia Kikwit mwaka wa 1995 hapakuwa dawa wala chanjo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amekwisha kuiona virusi hii Yambuku mwaka wa 1976, alifanya pamoja na wenzake jambo ambalo waganga wengi wa inje hawakulipenda: walichukua damu ya watu waliopona na kuitia wagonjwa 8. Kati ya wale 8, saba walipona.

Wakosoaji walisema 8 ni watu wachache mno. Walisema pia kwamba wagonjwa wale walikuja wakati mlipuko unaelekea mwisho na matunzo yamekuwa mazuri zaidi, kwa hiyo pengine wangepona hata bila damu ile. Hoja yao ilikuwa na nguvu; kwa watu 8 hauwezi kuhakikisha kitu. Lakini wazo lilibaki: ndani ya damu ya aliyepona kuna kitu kinachoijua Ebola.

Miaka 11 nyuma ya ugonjwa, mmoja wa waliopona Kikwit alitolewa damu tena, katika kazi ya pamoja ya timu ya Muyembe na labo ya chanjo ya taasisi ya afya ya Marekani (NIH), ambako Nancy Sullivan aliongoza kazi ya Ebola. Kumbukumbu ilikuwa ingali hai. Watafiti, pamoja na wenzao wa Bellinzona huko Uswisi, walitafuta ndani ya damu ile seli zinazotengeneza kingamwili za kushika GP, wakazijaribu moja moja. Moja ilipita zingine. Waliipa jina la kazi tu, mAb114. Mwaka wa 2016 walitangaza kwamba nyani walioambukizwa Ebola walipona kwa kingamwili hiyo peke yake, hata walipoanza kupewa siku 5 nyuma ya kuambukizwa.

Lakini juu ya nini hiyo na si zingine? Damu ya waliopona ina kingamwili nyingi zinazoshika GP, na nyingi kati yao haziponyeshi mtu. Jibu halikupatikana ku damu. Lilipatikana ku picha.

Kupiga picha kitu ambacho mwangaza haukioni

Uzi wa Ebola una unene wa karibu nanomita 80. Ukipanga nyuzi 1,000 ubavu kwa ubavu, unafika karibu unene wa unywele mmoja wa kichwa. Na GP ni ndogo mara nyingi kuliko uzi wenyewe. Mikroskopi ya kawaida, ile ya kutafutia malaria ku kituo cha afya, haiwezi kuiona hata kidogo, kwa kuwa mawimbi ya mwangaza wenyewe ni makubwa kuliko kitu kinachotafutwa. Ni kama kupapasa uso wa mutoto kwa mkono uliovaa glovu za kufinyanga udongo.

Njia moja ni kuifanya protini igande kuwa kristali, kama chembe za chumvi, halafu kuipitishia mionzi ya X, ndugu ya ile inayotumika hospitali kupiga mifupa radio. Mionzi inatawanyika kwa mpango fulani, na kutoka mpango huo wanahesabu kila atomu iko wapi. Njia nyingine, iliyokuja kupata nguvu nyuma, ni kuigandisha protini ghafula ndani ya barafu na kuipiga picha maelfu kwa mikroskopi ya elektroni. Waanzilishi wake watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2017.

GP ilikataa kuwa kristali. Ina sukari nyingi, inateleza, sehemu zake zingine zinachezacheza kama majani ya mgomba. Hapo tena Kikwit ikasaidia, na hii ni sehemu ya historia ambayo haielezwi sana. Kulikuwa kingamwili nyingine, KZ52, iliyotoka pia kwa mtu aliyepona Kikwit. Ilipojaribiwa ku nyani ilishindwa kabisa kuwakinga. Matokeo hayo yalitoka mwaka wa 2007. Kwa dawa, ilikuwa kazi bure. Lakini Erica Ollmann Saphire na timu yake ya taasisi ya Scripps, California, waliitumia kama mkono wa kushikia: walipunguza sehemu za GP zinazochezacheza, KZ52 ikaikamata ku kitako na kuituliza, na kristali ikapatikana. Mwaka wa 2008 dunia iliona kwa mara ya kwanza umbo la ufunguo wa Ebola.

Ni kama kikombe cha misa. Juu ni bakuli, chini ni kitako kinachoibeba. Ndani ya bakuli ndimo mlimo mahali pa kushikia seli, lakini mahali pale pamefunikwa na kifuniko cha sukari.

Kifuniko hicho njo akili yote ya Ebola. Virusi haionyeshi ufunguo wake barabarani. Inajibandika juu ya seli, na seli inaimeza kama inavyomeza uchafu mwingine wowote, ndani ya mfuko wenye asidi. Mule ndani seli ina protini zake za kukatakata, zinazoitwa katepsini. Zenyewe zinafanya kazi yao ya kila siku, na bila kujua zinakata kifuniko cha GP. Sasa ufunguo uko wazi, ndani ya nyumba. Mwaka wa 2011 timu za watafiti zilivumbua kufuli yake: protini ya mwili inayoitwa NPC1, ambayo kazi yake ya haki ni kusafirisha mafuta ya kolesteroli. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na NPC1 iliyoharibika. Ni ugonjwa mbaya sana, lakini seli zao ku labo zinaikataa Ebola.

Ebola ni sawa na mwizi anayeingia lupango amejifunika blanketi, walinzi wanamshika blanketi, naye anaiacha mikononi mwao na kuendelea. Kingamwili nyingi zinashika kifuniko. Katepsini ikikata, kifuniko kinaanguka na kingamwili inaanguka nacho. mAb114 haishiki blanketi. Picha zilionyesha kwamba inateremka ndani ya bakuli na kushika pale pale ambapo NPC1 ingeshika. Kifuniko kikikatwa, inabaki. Asidi ya mfuko haiiachishi. Ufunguo unafika ku kufuli umejaa udongo.

Pamoja Tulinde Maisha

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walihesabiwa wagonjwa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini, na 2,287 walikufa. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, ndani ya vita.

Novemba 2018, INRB ya Kinshasa na NIH walianzisha jaribio lililokuja kuwa la dawa nne, Sabue Mulangu wa INRB akiwa mmoja wa viongozi wake. Jina lake ni la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, na kutoka herufi zake zingine likaundwa jina fupi PALM. Lilifanyika Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, na kazi ikasimama pale kwa muda.

Dawa nne zile zinafaa kuelezwa, kwa sababu kila moja ilikuwa na wazo lake juu ya protini za virusi. ZMapp ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizoanzia ku panya na kutengenezwa ndani ya majani ya tumbako. Moja kati ya zile tatu inashika kifuniko, ile blanketi. REGN-EB3, leo Inmazeb, ni kingamwili tatu zilizopatikana kwa panya waliowekewa jeni za kinga za binadamu, na kila moja inashika GP mahali pake bila kusukumana na mwenzake. mAb114 ni kingamwili moja tu. Ya nne, remdesivir, haigusi GP hata kidogo: ni molekuli ndogo inayoingia ndani ya seli na kukwamisha protini nyingine, ile inayonakili maagizo ya virusi.

Mgonjwa hakuchagua, wala munganga hakuchagua; bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Neno hilo liliwakasirisha wengi, na kweli ni neno gumu kwa mama ambaye mutoto wake anatoka damu. Lakini wote walipewa dawa, hakuna aliyepewa maji matupu, na bila bahati nasibu tungerudi ku mabishano ya wagonjwa 8 wa Kikwit.

Agosti 2019 kamati ya uangalizi ilisimamisha jaribio mbele ya wakati, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Katika wagonjwa 673 waliohesabiwa, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa hivi: remdesivir 93 kati ya 175, ZMapp 84 kati ya 169, mAb114 61 kati ya 174, REGN-EB3 52 kati ya 155. Kwa asilimia ni 53 na 50 upande mmoja, 35 na 34 upande mwingine. Wote waliobaki walihamishiwa dawa mbili za mwisho. Marekani iliipa Inmazeb ruhusa Oktoba 2020, na Ebanga Desemba mwaka uleule. OMS ilizipendekeza zote mbili Agosti 2022.

Juu ya nini kuwahi

Hesabu ya jumla inaficha hesabu nyingine iliyo na uzito zaidi kwa familia. Kwa wagonjwa waliofika virusi zingali chache ndani ya damu, vifo kwa mAb114 na REGN-EB3 vilishuka mpaka karibu asilimia 10 na 11. Kwa waliofika na virusi nyingi, vilikuwa karibu 70 na 64. Dawa ni ileile, kituo ni kilekile. Kila siku ya kukawia nyumbani tangu dalili kuanza iliongeza hatari ya kufa.

Umbo la protini linaeleza sababu. Kingamwili inaziba ufunguo wa virusi iliyo inje ya seli. Seli ambayo imekwisha kuingiliwa inaendelea kumwaga virusi mpya mpaka inakufa, na ini ao figo iliyoharibika haitengenezwi na kingamwili. Mtu wa siku ya pili ana virusi za kuhesabika na askari wanatosha. Mtu wa siku ya saba amepewa askari walewale mbele ya jeshi. Kwa hiyo mgonjwa aliyefika mapema kisha akapona, na jirani yake aliyeletwa mwishoni kisha akafa, hawakutiliwa chupa mbili tofauti, moja ya kuponya na moja ya kuua, kama ilivyosemwa mitaani.

Swali lingine la mitaani: juu ya nini serumu, si vidonge? Kwa sababu kingamwili ni protini, na tumbo lingeiyeyusha kama linavyoyeyusha maharagwe na nyama. Inapaswa kuingia moja kwa moja ku mshipa. Na ni nyingi: Ebanga inatolewa mara moja, miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 3 kwa mtu wa kilo 60.

Dawa hizi zina mipaka. Kingamwili haifiki vizuri ndani ya jicho, ubongo na korodani, na virusi inaweza kujificha kule. Mwaka wa 2019, Kivu ya Kaskazini, mgonjwa mmoja aliyechanjwa na kutibiwa kwa mAb114 alipona, akaugua tena miezi 6 hivi nyuma, akafa, na kutoka kwake ukaanza mnyororo mpya wa maambukizi. Kesi za namna hiyo ni chache sana. Waliopona si hatari ya kukaa nao, kula nao ao kusali nao. Kinachohitajika ni ufuatiliaji wa waganga kwa miezi mingi, kupima shahawa, na kondomu mpaka vipimo viwe safi.

Protini ileile ndani ya chanjo

Chanjo ya Ervebo, ambayo zaidi ya watu 300,000 walichanjwa wakati wa mlipuko ule, inatumia GP ileile. Walichukua virusi ya mifugo, inayosumbua ng'ombe na farasi, wakaitoa protini yake ya inje na kuivalisha GP ya Ebola. Ni mutu mwingine aliyevaa shati la mwizi ili walinzi walijue shati. Jeni zingine 6 za Ebola hazimo kabisa, kwa hiyo chanjo haiwezi kumletea mtu Ebola. Homa na maumivu ya viungo ambayo wengi walisikia siku za kwanza ni kelele za walinzi wakijifunza.

Vidonge, na mahali umbo halikutosha

Kuna virusi ambazo umbo la protini zao lilileta vidonge. Virusi ya SIDA inatengeneza mkasi wake wenyewe, protini inayoitwa protisi, na bila mkasi huo virusi mpya hazikomai. Picha ya umbo la mkasi ilipatikana mwaka wa 1989, wakemia wakaunda molekuli ndogo za kukwama katikati ya makali yake, na dawa ya kwanza ya namna hiyo ilipata ruhusa mwaka wa 1995. Corona nayo ina mkasi wake, na dawa ya Paxlovid ilifuata njia ileile.

Lakini kujua protini si kuponya. Mpox inafundisha hilo. Tecovirimat inazuia protini ambayo virusi za jamii ya ndui zinaihitaji ili kujifunga ngozi ya inje na kutoka ku seli. Ku nyama wa labo ilifanya vizuri. INRB na NIH waliijaribu kwa wagonjwa 597 Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Agosti 2024 jibu lilitangazwa: haikufanya vidonda vipone haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Lakini katika makundi yote mawili vifo vilikuwa asilimia 1.7, wakati inchini kwa jumla vilikuwa 3.6 ao zaidi. Walichopata wote ni kitanda, chakula, maji, na muuguzi wa kuangalia vidonda.

Aina nyingine, ufunguo mwingine

Kwa wakaaji wa mashariki kuna jambo moja la kujua zaidi. Ebola si moja. Ile ya Yambuku, Kikwit na Beni ni aina ya Zaire. Ng'ambo ya Semliki, katika wilaya ya Bundibugyo ya Uganda, aina nyingine ilijulikana mwaka wa 2007 na kupewa jina la wilaya ile. Mwaka wa 2012 aina hiyo ilizuka Isiro, Haut-Uélé. Uganda imepigana mara nyingi pia na aina ya Sudan. Aina hizi zote zina GP, na GP zote zina bakuli, kitako na kifuniko. Lakini amino asidi nyingi zimebadilika, na mAb114 iliyochongwa na mwili wa mtu wa Kikwit ilichongwa kwa bakuli la Zaire. Ebanga, Inmazeb na Ervebo zilipewa ruhusa kwa aina ya Zaire tu.

Watafiti wamerudi ku picha, kutafuta sehemu ya GP ambayo haibadiliki kutoka aina moja mpaka nyingine. Iko moja ku kitako, karibu na kidole ambacho virusi inakitumia kutoboa mfuko wa seli. Virusi haiwezi kuibadilisha hovyo bila kujivunja yenyewe. Mchanganyiko wa kingamwili mbili unaoitwa MBP134, uliotoka kwa mtu aliyepona Ebola ya Afrika ya Magharibi, unashika GP za aina hizi tatu ku labo, na wagonjwa wachache wa Uganda waliupata wakati wa mlipuko wa Sudan mwaka wa 2022.

Ebanga na Inmazeb ni mali ya kampuni mbili za Marekani, Ridgeback na Regeneron. Mlipuko ukizuka, chupa zinapaswa kufika kutoka mbali, na siku zinazopita njiani ni zilezile ambazo virusi inahesabu ndani ya damu.

Mbele ya chupa yoyote kuna kipimo, na kipimo nacho kinategemea aina. Katriji ya Ebola ya mashini ya GeneXpert, mashini ileile ambayo hospitali nyingi zinatumia kwa kifua kikuu, inatafuta aina ya Zaire. Uganda ilishuhudia mwaka wa 2022 kwamba katriji hiyo haioni aina ya Sudan. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili zote, anayetoka eneo ambako watu wanakufa, na ambaye GeneXpert imesema hana kitu, hapaswi kurudishwa nyumbani kwa karatasi hiyo peke yake. Sampuli yake inatumwa INRB, Goma ao Kinshasa, ambako wanaweza kusoma maagizo ya virusi herufi kwa herufi na kujua ni ufunguo wa aina gani unaobisha mlangoni.